Fremu ya kaboni kwa fundi wa boti: sijui nimlaani au nimshukuru

Hasira zangu si za ufa. Ufa niliutia mwenyewe: niliegemeza baiskeli kwenye baraza huku Mji Mkongwe, nikasogea kununua urojo, upepo wa kaskazi ukaisukuma, paipu ya juu ikapiga ncha ya jiwe. Rangi ikachubuka, na chini yake kamstari kafupi kama ukucha. Hasira zangu ni za ngoma. Nitafika huko.

Mafundi baiskeli wa mtaani walinirudisha wote. Wao wamezoea chuma, na chuma kinachomelewa. Kaboni utaichomelea wapi? Mmoja akanambia, "Hiyo plastiki, peleka kwa wa boti." Ushauri si mbaya. Boti ya faiba na fremu ya kaboni ni ndugu, zote nyuzi na gundi. Ila ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali, na hilo ndilo lililonigharimu.

Fundi akaipokea, akanipa siku tatu. Nilipokwenda kuichukua, wallahi nilifurahi. Rangi ile ile, mng'ao ule ule, ukipitisha kidole huhisi kitu. Nikalipa bila kuomba anipunguzie, na mie si mtu wa kulipa hivyo.

Haikupita wiki, kaka yangu akatoa sarafu ya 200, akaanza kuigonga fremu polepole. Kaboni nzima hulia kavu: ti, ti, ti. Alipofika penye mng'ao: du. Akagonga tena. Du. Chini ya rangi nzuri hapakuwa na kitu kilichoshikana.

Nikarudi karakana na sarafu yangu. Wateja wamejaa. Nikagonga mbele yake asikie mwenyewe. Hata hakugeuka. Akasema kwa sauti ya kufika pwani: "Yakhe, umeleta baiskeli au umeleta ngoma?" Wakacheka wote. Mwanafunzi wake akageuza ndoo akaanza kuipiga kitako. Mie mtu mzima, nina watoto wa skuli, nimesimama na shilingi mia mbili mkononi.

Nikamwambia akwangue. Akakwangua kwa kisirani, na alipofika chini, kitambaa chake kikabanduka kwa ukucha kama ganda la ndizi. Faiba ya kioo na resini ya poliesta, ile ile ya boti. Juu yake pati, ule unga wa kuzibia mashimo, juu ya pati rangi. Poliesta haishiki vizuri kwenye kaboni iliyokwisha kugandishwa kwa gundi ya epoksi, na pati haibebi mzigo wowote. Nguvu yote ya fremu imo kwenye nyuzi, na paipu yenyewe pale katikati unene wake ni kama milimita 1 tu. Yaani kanipambia maiti. Nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya watu wale wale.

Hapo ningemaliza kwa kusema msiende. Lakini niseme haki, maana nitaulizwa: mara ya kwanza mie ndiye niliyemwambia, "Ziba tu, kidogo hicho." Na epoksi hakuwa nayo, wala kitambaa cha kaboni.

Shemeji yangu akaniletea vyote viwili kutoka Dubai. Nikarudi kwa yule yule, nani mwengine? Mtu akabadilika. Alikwangua mpaka mbali na ufa, akayala matabaka kwa msasa taratibu kama anayechonga mteremko, ili kitambaa kipya kishike kila tabaka la zamani. Akafuta kwa asetoni. Gundi akaipima kwa mizani, si kwa jicho. Akazungushia tepu ya umeme kwa kukaza, upande wa kunata nje, akaitoboatoboa kwa sindano gundi ya ziada itoke. Ikakaa siku mbili nzima, kwa kuwa masika yalishaingia na hewa nzito. Kabla ya rangi akaosha ule utelezi unaotoka juu ya epoksi penye unyevu. Hilo mie nilikuwa silijui kabisa.

Barakoa lakini hakuvaa, wala yule wa ndoo. Nami nikakaa nao hapo kama mjinga, nikajikuna mikono mpaka kesho yake. Vumbi la kaboni ni upupu mtupu, na mapafu hayakuniki.

Rangi safari hii mbaya, ina madoa. Sarafu inalia ti kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Kwa hiyo ukiwa na vifaa vyako, nenda. Akikwambia vifaa anavyo, kimbia. Au nenda, lakini kaa hapo hapo umuangalie. Kanitoza mara ya pili bei kamili, na hilo sijamsamehe. Labda nusu.

Juzi nimepita mbele ya karakana yake. Yule kijana akaniona, akapiga hewa kwa viganja viwili kama mpiga msondo. Nikamjibu kwa kengele, nikapita.