Dunia moja, watu sita: nilivyohosti Minecraft kwenye seva za bure

Tuko sita: mimi, mdogo wangu na marafiki wanne. Watatu tunatumia kompyuta, watatu simu. Tunacheza pamoja Minecraft, gemu la kujenga na kuchimba, na kwa zaidi ya mwaka kazi ya kutafuta seva, yaani kompyuta ya kuiweka dunia yetu ili wote tuingie, imekuwa yangu. Hatujawahi kulipia. Nimepitia huduma moja ambayo sitaitaja, nikahamia Aternos, nikajaribu kompyuta ya nyumbani kwa msaada wa playit.gg, na sasa niko Oracle Cloud.

Nilipoanza nilichagua kwa kulinganisha RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta, kama wafanyavyo wengi. Huku wanatoa 2 GB, kule 4 GB, basi twende kule. Leo RAM naiangalia mwisho. Swali langu la kwanza ni kama ninaweza kuichukua dunia yangu na kuondoka nayo siku nitakayotaka. Nimefika kwenye swali hilo kwa uchungu, na ndiyo sababu ya kuandika.

Huduma ile ya kwanza ndiyo iliyoahidi RAM nyingi kuliko zote nilizoziona. Kujiandikisha dakika mbili, seva ikawaka, wote tukaingia. Miezi miwili tulijenga. Mdogo wangu alijenga nyumba kwenye ukingo wa mto, ghorofa tatu, na chini yake ghala lenye masanduku aliyoyapanga kwa alama. Kisha ikaja mitihani, ikawa hakuna anayeingia. Tuliporudi niliwasha seva kama kawaida, mdogo wangu akatangulia kuingia. Baada ya muda akaniita: "Kaka, nyumba yangu haipo."

Nilidhani amepotea. Nikamwambia abonyeze F3 anisomee namba za mahali alipo. Alizisoma moja moja, nami nikawa nazifuatisha kwenye daftari tulimoziandika. Ni zilezile. Mto ulikuwa pale pale, kilima nyuma yake ni kilekile, hata ule mti uliopinda tulioutumia kama alama. Nyumba tu ndiyo haikuwepo, na nyasi zilikuwa zimeota kana kwamba hapajawahi kukanyagwa na mtu.

Kilichotokea nilikielewa baadaye. Huduma ile ilikuwa inafuta faili za dunia za seva zilizokaa bila wachezaji, lakini ilibakiza faili la mipangilio. Ndani ya faili hilo, server.properties, kuna mstari wa level-seed, yaani mbegu ambayo gemu huitumia kuumba ardhi. Mbegu ikiwa ileile, milima na mito hurudi ileile. Tulichokijenga sisi hakimo kwenye mbegu. Kimo kwenye folda ya dunia, na folda hiyo ilikuwa imeshafutwa. Niliwaandikia wahudumu nikajibiwa kwamba akaunti za bure hazihifadhiwi nakala. Na kupakua folda ya dunia kulikuwa kwa wanaolipa tu, kwa hiyo hata kama ningekumbuka kuiweka akiba, mlango ulikuwa umefungwa tangu siku ya kwanza. Sheria hiyo ilikuwa imeandikwa. Sikuisoma.

Kwa hiyo tulianza dunia mpya, safari hii Aternos. Ni huduma ya Kijerumani inayojiendesha kwa matangazo, na kwa kikundi kidogo kinachoanza ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Unafungua akaunti, unachagua aina ya seva, unabonyeza kitufe cha kuwasha. Watu wakiwa wengi unaingia foleni, na zamu yako ikifika lazima uthibitishe kwamba bado upo, la sivyo nafasi inapita kwa mwingine. Mchezaji wa mwisho akishatoka, seva hujizima baada ya muda mfupi. Wengi hulalamikia mambo haya mawili. Mimi naona ni bei ya haki: mashine haikai bure ikingoja watu waliolala, ndiyo maana inaweza kutolewa bila malipo. Unachopaswa kufanya ni kuwapa wenzako ruhusa kwenye dashibodi ili yeyote aweze kuiwasha, asikungoje wewe utoke kazini.

Lakini kilichonivuta hasa ni ukurasa wa dunia. Kuna kitufe cha kupakua, unapata faili la zipu, basi. Nakala za akiba unaweza kuzielekeza Google Drive yako mwenyewe. Usiku wa kwanza, kabla hatujachimba hata pango moja, niliipakua dunia, nikaifungua kwenye kompyuta yangu, nikatembea ndani yake peke yangu. Ilifunguka. Sasa hivi ndivyo ninavyoipima huduma yoyote, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo siku ya kwanza, kabla hajawa na kitu cha kupoteza.

Kikomo cha Aternos kwangu kilikuwa plagini, yaani programu ndogo za kuiongezea seva uwezo. Unachagua kutoka orodha yao, huwezi kupakia faili lako mwenyewe. Kwa wenzetu wa simu hilo halikutuzuia, maana Geyser imo kwenye orodha. Geyser ndiyo inayowawezesha watu wa toleo la Bedrock, yaani la simu na konsoli, kuingia kwenye seva ya Java, yaani ya toleo la kompyuta. Bila hiyo nusu yetu tungebaki nje. Ila nilikuwa nimeandika plagini ndogo ya kwetu, na hapo ndipo nikaanza kutafuta kwingine.

Kabla sijaendelea niseme kuhusu RAM, kwa sababu ndiyo inayowapoteza watu. Seva ya Minecraft inapiga mapigo 20 kila sekunde, yaani kila pigo lina milisekunde 50 za kumaliza kazi zote: kusogeza wanyama, kukuza mazao, kuendesha mitambo ya redstone, ambayo ni kama umeme wa ndani ya gemu. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa inabebwa na kiini kimoja cha prosesa. Kiini kikizidiwa, pigo linachelewa, na wewe unaona ng'ombe anaruka kutoka hapa hadi pale, au unavunja jiwe linarudi. Hata ukiwa na 16 GB, kiini dhaifu hakitaenda haraka zaidi. RAM ikipungua mno seva huanguka, ni kweli, lakini ikishatosha, kuiongeza hakuongezi kasi.

Kinachosaidia kwenye mashine za bure ni kupunguza kazi. Mpangilio wa view-distance, yaani umbali wa kuona, kwa kawaida ni 10. Maana yake kila mchezaji anazungukwa na vipande vya ardhi 21 kwa 21, jumla 441. Ukiushusha hadi 6 vinakuwa 13 kwa 13, yaani 169 tu. Hakuna kati yetu aliyelalamika kwamba haoni mbali, na ule ujumbe wa kwamba seva imezidiwa, uliokuwa ukijaa kwenye dirisha la ujumbe wa seva, ulikoma siku hiyohiyo.

Kompyuta ya nyumbani ilikuwa ya mpito. Ugumu wake ni kwamba watoa huduma wengi wa intaneti huwagawia wateja wengi anwani moja ya umma, kwa hiyo hata ukifungua poti 25565, yaani mlango wa mtandao unaotumiwa na seva, kwenye ruta yako, wenzako hawafiki kwako. Playit.gg inatatua hilo: unaendesha programu yake ndogo, inachimba njia kutoka ndani kwenda nje, nawe unapewa anwani ya kuwagawia wenzako. Ina kiwango cha bure, na faida nyingine ni kwamba anwani halisi ya nyumbani kwako haionekani na wachezaji. Tulicheza hivyo wiki sita. Faili zote zilikuwa mikononi mwangu na plagini yetu ilifanya kazi. Ila umeme ukikatika, wote mmetoka, na kompyuta iliunguruma usiku kucha. Nilichoka.

Kwenye uhamisho huo wa kutoka Aternos nilifanya makosa mawili ambayo ningependa mtu mwingine ayaepuke. La kwanza, tulitumia Paper, programu ya seva inayokubali plagini, na Paper niliyokuwa nayo iliigawa dunia katika folda tatu: world, world_nether na world_the_end. Mimi nikapandisha ile ya kwanza tu. Kila kitu kilikuwepo hadi rafiki yetu mmoja alipopita kwenye lango la kuzimu (Nether) akakuta reli aliyoitandika kwa wiki nzima haipo. Bahati nzuri zipu ya asili nilikuwa nayo, nikarudisha folda zilizobaki usiku uleule.

La pili lilinitia hofu zaidi. Watu waliingia wakiwa na mikoba mitupu, hawana panga wala almasi. Sababu ilikuwa mstari wa online-mode. Mpangilio huu ukiwa true, kila mchezaji anatambuliwa kwa namba ya akaunti yake halisi. Ukiwa false, seva inatunga namba nyingine kutokana na jina lake. Mali huhifadhiwa chini ya namba hiyo. Nilipobadilisha mpangilio bila kujua, seva iliwaona wote kama wageni. Kuurudisha ulivyokuwa kulitosha, na mikoba ikarudi ilivyokuwa. Kabla ya kuhama popote, nakili faili la server.properties la zamani na uulinganishe mstari kwa mstari na jipya.

Sasa Oracle Cloud. Hii si huduma ya gemu, ni kompyuta tupu ya mtandaoni yenye mfumo wa Linux, unayoijenga mwenyewe. Nilipojiandikisha, sehemu yao ya bure ya kudumu ilifika viini 4 vya ARM (aina ya prosesa), RAM 24 GB na hifadhi ya 200 GB. Hakuna matangazo, hakuna foleni, seva haijizimi. Kwa karatasi hakuna inayoikaribia, lakini si ya kila mtu. Inahitaji kadi ya benki ili kuthibitisha akaunti. Mashine hizo za ARM hugombaniwa, na katika baadhi ya maeneo hukosekana kwa siku kadhaa. Poti ina kufuli mbili: moja kwenye mipangilio ya mtandao ya Oracle, nyingine ndani ya Linux yenyewe, na ukifungua moja tu utakaa jioni nzima ukijiuliza kwa nini hakuna anayeingia. Wale wa Bedrock wanapita poti 19132, nayo ni ya UDP, si TCP, ambazo ni njia mbili tofauti za kusafirisha data. Tena mashine ya bure inayokaa bila kazi wanaweza kuirudisha kwao, kwa hiyo hapa pia nakala ya akiba ni lazima.

Ilinichukua jioni mbili kuweka Java 21 (programu ambayo seva huhitaji ili iende), Paper, Geyser na mwenzake Floodgate, inayowaruhusu watu wa Bedrock kuingia bila akaunti ya Java, pamoja na ratiba ya kunakili dunia kila usiku. Viini vyenyewe vina nguvu ya wastani, lakini kwa watu sita na view-distance ya 6 mapigo yanakaa kwenye 20 hata tukiwa wote mtandaoni. Ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ya rafiki aliye mbali zaidi na kituo cha data ni milisekunde 180. Anajenga na kulima bila tabu, ila kwenye mapigano anaumia.

Asiyewahi kuandika amri ya Linux abaki Aternos, hatajuta. Mwenye kompyuta nzuri na kikundi kinachocheza wikendi tu, playit.gg inamtosha. Oracle ni kwa mtu anayependa kazi yenyewe ya kutunza seva, na mimi nimegundua kwamba naipenda.

Dunia yetu leo ina 1.3 GB. Mdogo wangu amejenga nyumba nyingine, safari hii juu ya mlima. Kila Jumapili huja na flashi yake, namnakilia zipu, naye huenda kuifungua kwenye kompyuta yake na kupanda ngazi hadi chumba cha juu kabla hajaniambia kwamba iko sawa.