Chyawanprash, tulsi na ashwagandha: uzoefu wangu baada ya misimu mitatu ya baridi Chandigarh

Mi ni mtu wa Tanga, kwetu ukisema leo kuna baridi maana yake umejitanda khanga juu ya gauni alfajiri basi, sasa nifikirieni nimefika Chandigarh, kaskazini mwa India, kusoma, Desemba ya kwanza inaingia, asubuhi simu inaniambia nyuzi 6, nje ukungu mpaka nyumba ya jirani siioni, na chumbani hamna hita maana nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa kulifikiria lile joto la mwezi wa tano na wa sita, sakafu ya marumaru ukiikanyaga peku unaruka. Msimu ule wa kwanza nilikohoa wiki tano. Dawa za kikohozi za duka la dawa nilikunywa chupa tatu, usiku najifunika rajai, lile blanketi lao zito la pamba, bado nakohoa mpaka mbavu zinauma.

Aliyeniingiza kwenye hizi dawa za Ayurveda, tiba ya asili ya Wahindi, ni mama mwenye nyumba wangu, mi namwita Auntie ji, yeye ananiita beta, yaani mwanangu. Usiku mmoja alinisikia nakohoa, asubuhi akabisha hodi na kopo jeusi na kijiko, akasimama mlangoni mpaka nimeze. Hiyo ndo ilikuwa chyawanprash yangu ya kwanza, na ndo nitaiongelea sana hapa maana ndo niliyoitumia zaidi.

Ni kama ukwaju uliopikwa na sukari ukakolea, rangi ya kahawia inayokaribia weusi, inanatanata, ukifungua kopo unasikia samli na iliki. Mdomoni inakuja kwa zamu jamani, kwanza utamu, halafu uchachu, halafu ukakasi unashika ulimi, na ukishameza ndo unasikia ukali unapanda taratibu kooni, hiyo ni pippali, pilipili ndefu, sio pilipili manga tuliyozoea, hii ina umbo la kikonyo chembamba chenye vipele vipele. Mhimili wake lakini ni tunda linaitwa amla. Auntie ananiambia usile kitu usichokijua, basi mwezi wa kumi na moja msimu wa amla ulipoanza tukaenda sokoni akaninunulia mbichi, tunda la kijani la mviringo kama ndimu hivi, nikang'ata, uwii, ukakasi ule unakunja uso wote, akaniambia kunywa maji sasa, nikanywa, maji yakawa matamu kama yametiwa sukari. Jaribuni mkipata. Mapishi yake ni ya zamani mno, yamo kwenye Charaka Samhita, kitabu chao kikuu cha tiba, na pale zinatajwa amla 500, zinachemshwa na mizizi na majani ya dawa kibao, zinakaangwa kwenye samli na mafuta ya ufuta, asali inatiwa mwishoni kabisa ikishapoa.

Msimu wa pili nikanunua langu mwenyewe, kopo la kilo moja, kijiko cha chai kila asubuhi na maziwa ya vuguvugu kuanzia Novemba. Mafua nilipata mara mbili tu na hakuna lililozidi siku sita. Ila nataka niseme ukweli wote, msimu huohuo nilichanjwa chanjo ya mafua, nilinunua soksi za sufu na sweta za maana, nikaacha kuoga maji baridi, nikawa nalala mapema, kwa hiyo siwezi kusimama nikaapa kwamba ni kopo ndo limeniokoa. Ninachoweza kuapa ni kwamba koo halikauki asubuhi kama zamani na hamu ya kula ipo. Na wenyewe wanasema hivyohivyo, kwamba baridi ikiingia agni, yaani moto wa tumbo, unakuwa mkali, ndo maana huu ni msimu wa kula vitu vizito, samli, maziwa, ufuta. Siku ya Lohri, sikukuu yao ya baridi, tarehe 13 Januari, wanawasha moto mkubwa nje, mnazunguka mnakula karanga na ufuta uliogandishwa na sukari guru, mi nikaziona zile nikasema hizi si kashata hizi!

Kasoro yake ni sukari. Someni lebo, kwenye makopo mengi sukari ndo inaongoza kwa wingi. Mama yangu ana kisukari, nilitamani sana kumpelekea kopo nilivyorudi likizo, nikaishia kuliacha maana kijiko kwa kijiko kila siku ni sukari unampa mgonjwa ukidhani ni dawa. Zipo zinazoandikwa hazina sukari, nazo nisingempa bila kumuuliza daktari wake kwanza.

Sasa tulsi. Hii hainunuliwi, au tuseme mi sinunui, Auntie ana mti wake uani kwenye kijukwaa cha saruji, anaumwagilia kila asubuhi kwa sala, na Jumapili hachumi jani hata umwambie unakufa. Mara ya kwanza kunipa jani nililipikicha kwenye vidole nikanusa, nikasimama kimya, ni kivumbasi kile cha nyuma ya nyumba ya bibi, aliyekuwa akituchemshia tukibanwa na mafua. Na kweli ni ndugu, ukoo mmoja kabisa wa mimea. Machozi yalinitoka pale, niko mbali na nyumbani naumwa halafu napewa dawa ya bibi na mtu hata Kiswahili hajui.

Namna anavyopika kadha yake, yaani dawa ya kuchemsha ya kunywa: majani ya tulsi kiganja, kipande cha mdalasini, tangawizi, pilipili manga chembe chache za kuponda, maji vikombe viwili, inachemka mpaka kibaki kimoja, unachuja unatia asali ikipoa kidogo. Mwaka 2020 wakati wa korona wizara yao ya AYUSH, inayosimamia tiba za asili, ilitoa mchanganyiko wa namna hiyo kwa wananchi, tulsi mafungu 4, mdalasini 2, tangawizi kavu 2, pilipili manga 1. Kwa pua iliyoziba na koo linalowasha ni nzuri mno, ule mvuke tu unakufungua. Ila kikombe kimoja kwa siku kinatosha, kuna wiki nilikunywa vitatu nikaungua tumbo, kiungulia siku nne. Na mtu wa Tanga au Unguja hana haja ya kununua paketi ya chai ya baridi ya dola sijui ngapi, vyote hivyo viko jikoni kwako.

Msimu uleule wa pili kikohozi kidogo kilirudi, nikaenda kwa vaidya, mganga wao aliyesomea chuo. Alinishika mapigo kwa vidole vitatu kwa pamoja, akatazama ulimi, akauliza usingizi, choo, ninakula nini usiku. Akanipa unga unaitwa sitopaladi, robo kijiko unachanganya na asali unalamba polepole. Ndani kuna sukari ya mabonge, kitu kinachotoka ndani ya mwanzi, pilipili ndefu, iliki na mdalasini, kila kimoja nusu ya kilichotangulia, 16, 8, 4, 2, 1. Kikohozi kililegea. Kilichonifanya nimheshimu yule baba lakini sio unga, ni alivyoniambia ukiona homa, jasho la usiku, damu kwenye kohozi au kinapita wiki mbili usirudi kwangu, nenda hospitali upigwe picha ya kifua.

Nije kwenye niliyojutia. Ashwagandha, mzizi wa dawa. Marafiki chuoni wote wanaisifia, inaondoa stresi, inaleta usingizi, inaongeza kinga, mi nikaenda kuagiza vidonge mtandaoni, duka silitaji, tangazo linasema nguvu mara kumi, nikawa nakunywa viwili kwa siku wiki sita. Kichefuchefu asubuhi, usingizi darasani, tumbo linauma upande wa juu kulia. Auntie alivyoliona kopo akauliza nani kakuandikia hii, nikasema hakuna mtu, hakunigombeza, alivaa tu shali akanipeleka hospitali. Daktari akanisimamisha palepale, akapima ini, namshukuru Mungu majibu yalikuwa sawa, na baada ya siku kumi hivi kichefuchefu kikaisha. Alinieleza kuwa kuna watu wameumia ini kwa ashwagandha, na nilipokuja kusoma nikakuta Denmark wameipiga marufuku tangu 2023. Mjamzito asiiguse, mwenye tatizo la tezi ya shingo au ini aulize daktari kwanza. Na mulethi pia, ule mzizi mtamu wa kutafuna koo likiuma, mi naupenda, ila ukizidisha unapandisha presha.

Jingine mlishike, sio kila kilichoandikwa Ayurveda ni majani. Kuna dawa zao zinatengenezwa na madini, na mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni, moja kati ya tano hivi ilikutwa na risasi, zebaki au arseniki. Tangu yale ya ashwagandha, kitu kisicho na jina la kiwanda, namba ya leseni, tarehe na viungo vyote kwenye lebo mi sikiingizi mdomoni.

Nyota basi, kati ya tano: chyawanprash 4, kadha ya tulsi 5, sitopaladi 4 ukipewa na anayejua, vidonge vya ashwagandha vya mtandaoni 0.

Mwaka huu nimenunua kopo la nusu kilo badala ya kilo, maana msimu wa jana lilibaki nusu likakauka juu. Nimelianza Novemba, nakadiria litafika mpaka Holi, sikukuu yao ya rangi, na Machi joto likianza Auntie mwenyewe huwa anaondoa lake mezani, anasema sasa ni zamu ya maji ya ndimu.