Albamu za Linkin Park: ununue ipi kwanza wakati tunasubiri mpya

Tangu Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, watoe albamu yao From Zero mnamo Novemba 2024, baraza letu hapa Ngamiani, Tanga, halijatulia. Tunaosubiri albamu itakayofuata tumegawanyika: wapo wanaotaka ngurumo za mwaka 2000 zirudi vilevile, na tupo tunaotaka bendi isonge mbele. Kahawa inapoa vikombeni watu wakibishana. Katikati ya ubishi huo hakosi kutokea mdogo wetu mmoja, flashi yake tupu na hela yake ya kuhesabu, akauliza: "Kaka, nianze na ipi?"

Namjibu hapa. Nimezipanga kwa kipimo kimoja: ipi itakuandaa zaidi kuisikiliza mpya kwa haki siku ikitoka.

Namba moja ni Hybrid Theory (2000), na hapa hata wabishi wa barazani wanakubaliana. Nyimbo 12, dakika zisizofika 38, hakuna wa kujazia nafasi. Mike Shinoda anachana, Chester Bennington anaingia na ile sauti yake ya kupasua, Joe Hahn anakwaruza santuri kwa nyuma. Kijana aliyekulia kwenye bongo fleva anaingia humu bila kupiga hodi, maana michano anaijua tayari. Kigeni kwake ni gitaa tu. Na gitaa la umeme lenyewe si geni Tanga. Huu ni mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na taarabu ya Black Star ilikuwa na magitaa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Namba mbili ni A Thousand Suns (2010), na najua nitakosana na watu. Ilipotoka, mashabiki wengi waliitupa. Magitaa yalirudishwa nyuma, kompyuta zikaletwa mbele, na nyimbo zikaanza kuzungumzia vita vya nyuklia. Ndani utasikia sauti ya Robert Oppenheimer, yule mwanafizikia wa bomu la atomiki, na pia ya Martin Luther King. Ina vipande 15, vingine vifupi sana, vilivyounganishwa hivi kwamba mwisho wa kimoja ndio mwanzo wa kingine. Mara ya kwanza niliisikiliza kwa kurukaruka, nikaona haina kitu. Mara ya pili nilikaa Raskazone jioni, bahari mbele yangu, hedifoni masikioni, nikaiacha iende dakika zake 48 bila kugusa simu. Nilinyanyuka nikiwa nimeshiba.

Naiweka juu hivi kwa sababu asiyeijua anadhani bendi hii ina mlango mmoja tu. Mtu wa aina hiyo, albamu mpya ikija na sauti asiyoitegemea, atasema "hawa si Linkin Park" kabla wimbo wa tatu haujaisha.

Ya tatu ni From Zero yenyewe. Usinunue toleo la 2024. Chukua lile refu la 2025, lina nyimbo tatu za ziada, na la kwanza lilikuwa la dakika 32 tu. Jina lake linakumbusha jina la kwanza la bendi, Xero, na pia kuanza upya kutoka sifuri. Chester alifariki tarehe 20 Julai 2017, na hii ndiyo albamu yao ya kwanza na mwimbaji mpya, Emily Armstrong. Nakiri nilipoianza nilikuwa namtafuta Chester katika kila ukelele. Sikumtendea haki dada yule. Niliporudia mara ya tatu ndipo nikamsikia mwenyewe, na ana koo la kweli. Lawama yangu ni moja: albamu inatazama nyuma kuliko nilivyopenda. Ndiyo sababu nina hamu na ijayo.

Meteora (2003) naiweka ya nne. Wengi wangeiweka ya kwanza, na siwalaumu, imechongwa vizuri mno. Hata filimbi ya Kijapani imo, na imekaa mahali pake. Lakini ni pacha wa Hybrid Theory. Mwenye hela ya albamu tatu asinunue mapacha wote wawili. Mwenye hela ya nne, aichukue bila kuuliza. Toleo la miaka 20, la mwaka 2023, lina rekodi za Chester zilizokuwa zimefichwa kabatini. Hilo ni la anayeipenda Meteora tayari.

Baada ya hapo fuata moyo. Anayependa magitaa mazito achukue The Hunting Party (2014), ambamo wapiga gitaa Tom Morello wa Rage Against the Machine na Daron Malakian wa System of a Down wamealikwa. Minutes to Midnight (2007), waliyoitengeneza na prodyuza Rick Rubin, ilipunguza sana michano. Living Things (2012) inaweza kusubiri. One More Light (2017) naiweka mwisho, na si kwa dharau. Ni laini, imeelekea pop, na ilitoka miezi miwili kabla ya kifo cha Chester; leo maneno yake yana uzito mwingine kabisa. Isikilize ukishawajua.

Papercuts (2024) ni mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma. Iache. Hakuna anayejifunza kusikiliza albamu kwa kuokota nyimbo.

Sasa namna ya kununua. Kwa ubora wa kbps 320, kiwango cha juu cha faili za MP3, dakika moja ya muziki hula kama MB 2.4. Hybrid Theory nzima ni kama MB 90, na albamu zote nane, dakika 315 hivi, hazijazi GB moja. Kwa hiyo usikubali nyimbo zilizobanwa eti bando litaisha. Lipia kwenye duka la muziki la simu, pakua usiku ukiwa kwenye Wi-Fi ya mtu au bando la usiku, kisha weka nakala kwenye flashi.

Vibandani uwe macho. Mimi Meteora yangu ya kwanza niliingiziwa kibandani: nyimbo tisa badala ya 13, na mmoja kati ya hizo tisa si wao kabisa. Miaka miwili niliuimba nikijua ni wa Linkin Park. Kabla hujatoa hela, hesabu nyimbo, na hakikisha kila faili limeanza na namba, 01, 02, 03. Bila namba, simu au redio itazipanga kwa alfabeti, na A Thousand Suns ikipangwa hivyo umepoteza hela yako.

Na sabufa. Nyingi za huku zimetengenezwa kudunda, na mdundo huo unalifunika gitaa la Brad Delson kama blanketi. Shusha besi hadi chini ya nusu, pandisha trebo kidogo, kisha piga wimbo wa kwanza wa Hybrid Theory. Kama michano ya Shinoda na gitaa husikii kila kimoja peke yake, endelea kushusha.