Ampu kwenye redio ya pikipiki: niliyoyaona baada ya kuifunga

Pikipiki yangu ilitoka dukani na redio juu ya tangi na spika mbili ndogo. Ukiwa umeegesha stejini Kondele, Kisumu, unasikia vizuri kabisa. Ila ukishika barabara ya Kakamega kupanda Kiboswa, injini na upepo vinaimeza sauti yote. Ndiyo maana nikatafuta ampu, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti.

Wanunuzi wengi hudanganywa na maandishi ya boksi. Moja niliyoonyeshwa imeandikwa wati 500, na fyuzi yake ni ya ampea 10. Piga hesabu: ampea 10 mara volti 12 ni wati 120. Hizo 500 zitatoka wapi? Mimi nilichukua ndogo ya chaneli mbili, klasi D, kwa sababu aina hii haipotezi umeme mwingi kwa joto, na umeme wa pikipiki si wa kuchezea.

Redio ya kiwandani haina matundu ya RCA, yale ya duara ya kutolea sauti kwenda kwenye ampu, kwa hiyo ni lazima ampu iwe na sehemu ya kupokea waya za spika. Yangu inayo. Bila hiyo ungenunua kibadilishaji cha kushusha sauti ya spika kabla haijaingia kwenye ampu.

Fundi wangu yuko upande wa Kibuye, na kazi yake naisifu kwa moyo wote. Kabla ya kukata chochote alitoa mita akapima waya za spika moja moja. Akaniambia, "Bosi, hii waya hasi ya spika isiguse bodi ya pikipiki hata kidogo." Redio nyingi za siku hizi hupitisha sauti kwenye waya zote mbili, ukiunga mmoja kwenye bodi unaweza kuichoma redio yenyewe. Waya wa umeme aliutoa moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikakaa hapo hapo karibu na betri. Waya mwembamba wa kuwasha ampu ukaungwa kwenye umeme wa swichi, basi nikitoa ufunguo, ampu inalala.

Mwanzoni kulikuwa na mlio unaopanda kila nikivuta mafuta. Alihamisha hasi ya ampu kutoka kwenye fremu hadi kwenye betri, akazitenga waya za sauti na waya wa plagi ya injini. Mlio ukaisha.

Sasa naisikia taarifa ya habari neno kwa neno nikiwa mwendoni, na besi ya benga inasikika bila kukwaruza, mradi sauti ya redio isipite nusu. Ampu ndiyo ifanye kazi.

Kasoro ni moja. Usiku taa ikiwaka na injini ikiunguruma polepole kwenye foleni, chaji haitoshi. Ukipandisha sauti, taa inafifia. Stejini nikizima injini naishusha kabisa, maana betri ni ndogo na selfu, ile mota ya kuwashia injini, inaihitaji.