Kozi ya takwimu kwa mfumo mseto: uzoefu wangu

Nimemaliza kozi ya takwimu iliyofundishwa kwa mfumo mseto, sehemu mtandaoni na sehemu darasani ana kwa ana. Tangazo lake lilisifu uhuru wa kusoma popote na wakati wowote. Uhuru huo upo kweli, ila kilichonifaidi zaidi ni saa za darasani, na ndizo zinazonifanya niipendekeze.

Mihadhara ilirekodiwa kwenye video fupi za kutazama kabla ya kipindi. Utaratibu huu ulipata umaarufu baada ya walimu wawili wa kemia wa Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, kuanza kurekodi masomo yao mwaka 2007. Faida yake niliiona wiki tuliyosoma sampuli, yaani wachache wanaopimwa ili kuwakadiria wote. Video ilieleza kwamba ukitaka kupunguza kosa la makadirio kwa nusu, huna budi kuongeza sampuli mara 4. Sote tuliikariri. Darasani mwenzetu mmoja akauliza: kwa nini isiwe mara 2? Mwalimu hakujibu. Alitugawa vikundi, kila kikundi kikachota sampuli za ukubwa tofauti, kikakokotoa wastani na kuuchora ubaoni. Tulibishana sana, na kipindi kilipokwisha kila mtu aliweza kumweleza jirani yake kipeo cha pili (2 mara 2 ni 4) kinaingiaje hapo. Ubishi wa namna hiyo sijauona mtandaoni.

Kilichounganisha pande hizi mbili ni maswali mafupi kwenye Moodle, programu huria ya kuendeshea masomo mtandaoni iliyoanza mwaka 2002. Tuliyajibu usiku wa kuamkia kipindi, na mwalimu akaanzia pale wengi walipokwama. Maswali yenyewe nayo yanafundisha: utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa anayejipima kwa kukumbuka alichosoma hukihifadhi vizuri zaidi, baada ya siku kadhaa, kuliko anayerudia kusoma tu.

Sasa kasoro. Sehemu ya mwisho alikuja mwalimu mwingine, akawa anatusomea darasani yaleyale yaliyokuwa kwenye video. Haikupita muda watu wakaacha kuzitazama, na sioni wa kuwalaumu. Jukwaa la majadiliano lilikufa mapema kwa sababu hakuna mwalimu aliyejibu humo. Vipindi vya moja kwa moja mtandaoni viliwaumiza wenye intaneti dhaifu: sauti ilikatika, na rekodi ilichelewa kupandishwa. Chuo kingetoa sauti peke yake pamoja na maandishi ya kupakua, tatizo hilo lingepungua sana.

Jambo jingine ni muda. Wizara ya Elimu ya Marekani ilichapisha mwaka 2010 uchambuzi wa tafiti nyingi uliokuta wanaosoma kwa mseto wanafanya vizuri kiasi kuliko wa darasani pekee, lakini waandishi wake walitahadharisha kwamba mara nyingi wanafunzi hao walipewa pia muda na vifaa zaidi. Nawaamini kabisa. Kozi hii inadai jioni zako, kwa hiyo mwenye kazi ya kutwa apange mapema.

Ukitaka kujiandikisha kwenye kozi ya aina hii, waulize kwanza mnafanya nini mkikutana darasani, na nani anasoma majibu ya maswali kabla ya kipindi. Wakikujibu kwa kutaja wingi wa video tu, tafuta kwingine.