Kuzamia Bongoyo huku nikitumia dawa ya thairoidi: uzoefu wangu na kituo kimoja cha Msasani

Ninatumia levothairoksini kila siku kwa sababu tezi yangu ya thairoidi haitoi homoni ya kutosha, na nilipokwenda kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa katika kituo kimoja cha Msasani, Dar es Salaam, kilichonisimamisha ni fomu ya afya. Fomu hiyo, ambayo hutumiwa na vituo vingi duniani, inauliza iwapo unatumia dawa yoyote uliyoandikiwa na daktari, ukiacha vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za malaria zisizo mefloquine. Ukijibu ndiyo, huingii majini mpaka daktari atie saini. Mkufunzi hakunitafutia njia ya mkato, na kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko upya wa vifaa vyao.

Daktari alinieleza kwamba kinachoangaliwa si kidonge chenyewe bali kiwango cha homoni mwilini. Homoni ikipungua, mtu huchoka upesi, huhisi baridi na moyo hupiga polepole. Dozi ikizidi, moyo huenda mbio na huweza kupoteza mpangilio wake, na hakuna hata moja kati ya hayo linalofaa kumpata mtu akiwa mita 18 chini, kina cha mwisho kwa mwenye cheti cha kwanza. Kwa kuwa dozi yangu ilikuwa imebadilishwa karibuni, alitaka kipimo cha TSH, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha kama dozi inatosha, ambacho hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya mabadiliko, kisha akanipapasa shingo kuona kama kuna rovu linaloweza kubana njia ya hewa. Kusubiri kulinikera, maana kusi ilikuwa imekatika na bahari imetulia.

Siku ya kwenda kisiwa cha Bongoyo nilimeza kidonge alfajiri kwa maji matupu, nikakaa zaidi ya nusu saa ndipo nikanywa chai. Mkufunzi, ambaye alikuwa ameisoma fomu yangu, alinichagulia vazi zito zaidi ingawa maji yetu ni ya uvuguvugu, na tulipokuwa tukirudi juu tulisimama kwa usalama kwenye kina cha mita 5 kwa dakika 3 bila haraka yoyote.

Ninalolalamikia ni kwamba fomu huonyeshwa baada ya malipo ya awali. Ingetumwa kwa WhatsApp siku ile ile mteja anapoulizia bei, mwenye maradhi ya kudumu angeanzia hospitali ndipo alipe.