Mkutano wa treni ndogo Marekani, au fedha zibaki Mbeya?

Wapenzi wa treni za mfano hapa Mbeya hawaishi kubishana: ukipata fedha, uende mkutano wa kila mwaka wa NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano, huko Marekani, au ujenge reli yako mezani nyumbani?

Kwa gharama, nyumbani kunashinda bila ubishi. Viza, ndege na hoteli vinameza fedha za injini, reli na transfoma.

Penye mvutano ni kujifunza. NMRA, iliyoanzishwa 1935, huandaa madarasa na ziara za kuona reli za wanachama majumbani mwao. Kumtazama fundi akiunga nyaya mbele yako kunapita video yoyote. Lakini wengi wao huiga reli za kwao, zenye upana wa milimita 1,435. TAZARA ina 1,067. Anayetaka kuiiga TAZARA atumie skeli ya 1:64 (kila kitu kidogo mara 64 kuliko halisi) juu ya reli ya mfano iitwayo HO, yenye upana wa milimita 16.5, vipimo vinakaribiana sana. Na mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako huwezi kuyasoma ukiwa ukumbini Marekani.

Vifaa? Mkutanoni unashika kabla ya kulipa, raha yake hiyo. Ila wao wanatumia volti 120, sisi 230, kwa hiyo soma kibandiko cha transfoma.

Kama huna hata mita moja ya reli, anzia nyumbani. Aliyekwama kwenye nyaya, na ana ndugu wa kumpokea kule, aende.